Wanasema dosie haiko: maswali yenu juu ya karatasi za tribinali

Barua zenu za mwezi huu nyingi zinazunguka jambo moja. Mtu alishinda kesi lakini hana karatasi mkononi, mwingine ndugu yake iko gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, na hajui dosie (faili la kesi) imelala wapi, papa mmoja anatafuta kesi ya miaka ya Zaïre. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha pembeni. Jambo hili linanigusa hata mimi, mtaona kule chini, kwa hiyo mnisamehe pale ntakaporefusha.

Yaya, jambo sana. Mi ni mama wa ku Katuba. Mu 2019 bwana yangu alinishitaki ku Tripaix (Tribunal de paix, tribinali ya chini) juu ya divorsi, tulienda mara mingi, juji akakata, mambo ikaisha. Sikupewaka hata karatasi moya. Sasa kuko mwanaume mwenye anataka tuoane ku komini (manispaa), njo pale banasema lete hukumu ya divorsi. Nilienda ku grefe, ofisi ya makaratasi ya tribinali, mara tatu, kila siku banasema dosie haiko, rudia kesho. Mara ya mwisho kijana mumoya ku mlango akaniambia nimupe dola makumi tano atanitengenezea. Nifanye je? Nasikia haya ya kurudia.

Mama yangu, huyo kijana usimpe hata faranga moja. Karatasi inayotengenezwa mlangoni haina minuti nyuma yake, yaani ile hukumu ya asili yenye sahihi ya juji na ya grefie (karani wa grefe), inayobaki ku tribinali milele. Siku komini itatuma mtu kuhakikisha, wewe njo utakuwa na kesi, na hiyo itakuwa ya jinai.

Na haya uitoe moyoni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu inaandikwa, inatolewa sababu zake, na inasomwa mbele ya watu wote. Ile hukumu ina jina lako ndani. Hauendi kule kuombaomba, unaenda kuchukua kitu chako.

Sasa tuingie kazini. Grefe haitafuti kwa sura ya mtu wala kwa machozi yake, inatafuta kwa namba. Siku kesi inaingia, wanaiandika mu buku kubwa, rejista ya role, na wanaipa namba yake. RC ni kesi ya madai kama divorsi, urithi, deni, parseli (kiwanja). RP ni kesi ya jinai. Mtu akikata rufani, kule juu kesi inapewa namba mpya, RCA ao RPA, na namba ya zamani kule juu haitakusaidia sana. Ku tribinali ya biashara ni RCE. Ukiwa na namba yako, kazi ya siku tatu inaisha mu dakika kumi.

Namba utaitoa wapi? Tafuta karatasi ya mwito, ile wisie (mjumbe wa tribinali) alikuletea nyumbani 2019 akakusainisha, namba iko pale juu. Angalia mu valizi, chini ya godoro, ndani ya Biblia, wamama wengi njo wanafichaka huko. Kama ulikuwa na avoka (wakili), yeye anayo mu farde yake hata kama hamjasalimiana tangu siku ile.

Kama hakuna kitu kabisa, usifike ku grefe kusema tu «natafuta dosie yangu». Sema: naomba mutazame rejista ya RC ya 2019, kati ya mwezi fulani na mwezi fulani, kwa jina la bwana fulani. La bwana, mama, si lako, sababu yeye alishitaki na jina la mwenye kushitaki njo linatangulia. Wanawake wangapi wameambiwa «haiko» kwa sababu walitoa jina lao tu na mtu akatazama haraka haraka akafunga buku.

Mi nimeisha kukaa mbele ya hilo buku. Ni kubwa kuzidi meza ya mtoto wa shule, pembe zimelika, kalamu ya buluu imefifia, na kidole cha grefie kinashuka polepole, jina kwa jina, kinasimama, kinarudi juu mstari mmoja, kinashuka tena. Ukimwambia mwezi, ni kurasa chache. Ukimwambia «nadhani ni 2018 ao 2020», atachoka kabla ya kufika kwako, na hapo simlaumu, ni mtu mmoja na foleni iko mpaka inje.

Jambo lingine. Wakisema haiko, usigeuke kwenda. Uliza kwa adabu: haiko hapa, basi iko wapi? Inaweza kuwa imeshuka ku arshive, hapo ni suala la mtu mwenye ufunguo na siku yake ya kazi. Inaweza kuwa imepanda, kwa sababu bwana alikata rufani bila wewe kujua, na dosie ya Tripaix ikikatiwa rufani inatumwa ku TGI (Tribunal de grande instance, tribinali iliyo juu yake), kama vile ya TGI inavyotumwa ku Cour d'appel (korti ya rufani), kwa hiyo omba watazame na rejista ya rufani. Ao hukumu ilisomwa siku ile lakini haikuchapwa na kusainiwa vizuri, na hiyo inatokea mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Kila jibu lina mlango wake, lakini «haiko» peke yake si jibu.

Ukishapata namba, andika barua. Usiombe kwa mdomo. Ku Tripaix barua inaenda kwa «greffier titulaire», ku TGI inaenda kwa «greffier divisionnaire». Iwe ya Kifaransa na fupi, sentensi nne zinatosha: wewe ni nani, namba ya RC, majina ya pande zote mbili na tarehe ya hukumu kama unaijua, halafu unaomba nini. Unaomba «expédition» ya hukumu, ile kopi rasmi yenye kashe na sahihi ya grefie. Kuko na ingine inaitwa «grosse», hiyo ina maneno ya kuamuru hukumu itekelezwe kwa nguvu, mwenye kushinda mali ao deni njo anaihitaji sana. Weka fotokopi ya karti ya elekteri. Na barua uichape mara mbili, mama, hapa nasisitiza: moja inabaki kwao, ya pili wakupigie kashe ya kupokea na tarehe. Hiyo kopi yenye kashe inabadilisha mazungumzo yote. Mara ya kwanza ulikuwa mama anayeuliza mlangoni, sasa ni mtu ambaye ofisi yao imepokea ombi lake tarehe fulani na hawajajibu, na unaweza kuipeleka kwa prezida wa tribinali mwenyewe.

Malipo yapo, ni haki ya Serikali, lakini yana njia yake. Wanakuandikia noti ya kulipa, feza inaingia mu hesabu ya Serikali kupitia benki, DGRAD, ofisi ya Serikali ya malipo hayo, njo inasimamia, na unarudi na borodero (risiti ya benki). Feza inayotoka mkononi mwako kuingia mfukoni mwa mtu bila karatasi, hiyo si ya Serikali. Kama kweli hauna, sema kwamba hauna: prezida wa tribinali ana uwezo wa kukutambua kama mtu asiye na uwezo, na barreau, chama cha maavoka, ina ofisi ya mashauri ya bure inayoitwa BCG, uliza pale.

Kabla ya kukimbia ku komini, soma ukurasa wa mwisho, pale hukumu inapokata. Hakikisha imeandikwa kwamba ndoa imevunjwa. Niliona mama aliyekaa miaka minne akijua ameachika, kumbe siku ile juji aliahirisha tu.

Tena komini inaweza kukuomba «certificat de non-appel», karatasi inayosema hakuna aliyekata rufani. Hapa watu wengi wanaanguka. Siku 30 za rufani mu kesi ya madai hazihesabiwi kutoka siku juji aliposoma, zinahesabiwa kutoka siku hukumu ilipopelekwa rasmi kwa upande mwingine na wisie. Kama toka 2019 hakuna aliyempelekea bwana hukumu, basi siku hazijaanza hata kuhesabiwa. Kwa hiyo ukipata expédition, peleka kwa wisie amfikishie, subiri siku 30, halafu uombe hiyo certificat. Ni kuchelewa kidogo, lakini utaolewa bila mtu kuja kukuvuruga.

Mukubwa, mdogo wangu walimukamata wiki mbili sasa, yuko Kasapa. Ku parke (ofisi ya waendesha mashitaka) wanasema nenda tribinali, tribinali wanasema nenda parke. Namba ya dosie hatuna.

Mdogo wangu, pole sana, najua hizo njia za kwenda Kasapa na sahani ya chakula. Wote wawili wanaweza kuwa wanakuambia ukweli wa nusu. Dosie ya jinai inazaliwa ku parke na namba ya RMP. Wakati bado iko kule, uchunguzi ni wa siri na hautapewa kopi, avoka wa mdogo wako njo anaingia. Siku parke inaipeleka mbele ya juji, grefe inaipa RP, na tangu hapo mambo yanafunguka: kuna tarehe ya kikao, dosie inasomwa ku grefe na mwenyewe ao avoka wake.

Namba ya RMP unaweza kuipata kulekule gerezani. Kasapa ina grefe yake, na mtu haingii mule bila karatasi iliyoandikwa mu rejista. Omba kwa heshima wakuandikie namba, na ni ofisi gani ilisaini. Angalia na tarehe. Polisi haishiki mtu zaidi ya masaa 48, kifungu cha 18 cha Katiba. Halafu mandat d'arrêt provisoire (karatasi ya kukamata kwa muda) ya parke ni ya siku tano kisha lazima juji aone mtu, juji akikubali kifungo cha muda ni siku 15, halafu inaweza kurefushwa mwezi mwezi. Mdogo wako ana wiki mbili, kwa hiyo lazima kuwe na ordonansi, yaani amri, ya juji mahali fulani. Ile ordonansi njo unaitafuta leo, na kama haiko, mwambie avoka leo hii, usingoje juma ijayo.

Mimi ni mzee wa Kamalondo. Marehemu baba alishinda kesi ya parseli zamani za Mobutu, nadhani 1974 ao 1975. Wajukuu wa yule alieshindwa wamerudi na makaratasi. Ya kwetu ilipotea. Je, tribinali inatunza vitu vya zamani hivyo?

Papa, shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu kwa sababu ni barua ningeweza kuandika mwenyewe.

Baba yangu naye alikuwa na kesi ya parseli miaka hiyohiyo. Alipofariki tulienda ku grefe moja, sitaitaja, na kwa miezi miwili tuliambiwa kesi ya jina hilo haikuwahi kuwepo. Dada yangu alilia mu taksibisi. Tulikuwa tunatafuta jina la baba lenye jina la ubatizo mbele, kama tulivyomjua, kama ilivyoandikwa mu karti yake ya kazi. Mzee mmoja wa arshive, karibu kustaafu, njo alituuliza: baba yenu mu 1972 alijiita nani? Mobutu alikuwa ametoa majina ya Kikristo, kila mtu akachukua majina ya mababu. Kesi iliingia na jina moja, hukumu ikatoka na jina lingine. Alirudi na farde iliyofungwa kamba ya katani, vumbi mpaka kwenye kope, na juu yake jina la babu yetu ambalo baba alilivaa miaka ile na sisi watoto hatukuwahi kulisikia likiitwa nyumbani. Karatasi moja ilikuwa na kidole chake cha gumba.

Kwa hiyo papa, kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi moja majina yote baba aliyotumia, kabla na baada ya 1972, na ya yule mwingine pia. Kumbuka kwamba karatasi za 1971 mpaka 1997 zitasema Shaba mahali pa Katanga, na za kabla ya 1966 zitasema Élisabethville. Haut-Katanga ni ya juzi, 2015.

Halafu jiulize ni tribinali ya namna gani iliyokata. Kama ilikuwa tribinali ya kizungu, unaweza kukuta «Tribunal de première instance», na kazi ile leo iko ku TGI, anzia huko. Kama ilikuwa ya mila, ile ya wazee na masesa (wanaokaa kumsaidia juji), hizo zilikuwa zinafanya kazi mpaka Tripaix ikafunguliwa mahali pake, sheria ya 1982 njo ilipanga vile, kwa hiyo uliza ku Tripaix na hata ku komini kama mabuku ya zamani yalibaki. Kitu cha kabla ya uhuru ni habari nyingine, sehemu kubwa ya makaratasi ya utawala wa Kibelgiji ilibebwa Brussels na leo iko mu arshive ya Serikali ya kule.

Na papa, usitafute mlango mmoja tu. Hukumu ya parseli iliyotekelezwa mara nyingi inaacha kopi kwa konservatere wa hati za ardhi, ndani ya dosie ya parseli yenyewe. Nenda na namba ya parseli, uombe watazame. Ile sheria ya 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya Serikali na sisi tunabaki na konsesio (haki ya kuitumia), kwa hiyo hukumu peke yake haitoshi, unataka ujue certificat d'enregistrement (hati ya parseli) ilitoka kwa jina la nani baada ya pale. Kama ilitoka kwa jina la baba na imepita miaka miwili, sheria ileile inasema haishambuliwi tena kirahisi, hapo hao wajukuu watakuwa na kazi nzito.

Ukipata dosie usiridhike na fotokopi ya simu. Omba kopi yenye kashe ya grefe, na utengeneze tatu, kila moja ikae nyumba tofauti.

Nataka kununua parseli ku Ruashi. Mwenye kuuza anasema «kulikuwa na kesi lakini iliisha». Je, mimi ambaye si wa kesi naweza kuona?

Unaweza kuona mengi. Vikao ni vya wazi, kifungu cha 20 cha Katiba, isipokuwa pale uwazi ungeharibu utulivu ao adabu, na orodha ya kesi za siku inabandikwa mlangoni mwa sali ya vikao, ile «extrait de rôle», kila mtu anaisoma. Kwa kopi ya hukumu isiyo na jina lako, andikia prezida wa tribinali, eleza kwa nini unaitaka. Usitegemee kuipata kwa simu, intaneti utapata sheria ku Leganet, lakini hukumu za tribinali zetu za hapa ni kwa miguu.

Lakini njia fupi ni muuzaji. Mwambie akupe namba ya RC na expédition na certificat de non-appel. Asiyetaka kukupa namba, usimpe feza. Akikupa, usiishie kuangalia karatasi yake, nenda nayo ku grefe wakulinganishe na rejista: namba ile, majina yale, tarehe ile. Halafu upande ku Cour d'appel uulize kama kuna RCA kwa majina hayo. Asubuhi mbili za kutembea, ndugu, mbele ya maisha yote ya kulipa avoka.

Vitu usivyoweza kuona ni kesi za watoto, tribinali ya watoto inakaa milango imefungwa tangu sheria ya 2009, na kesi za ubakaji pale mwathirika ameomba hivyo. Ni sawa kabisa iwe hivyo, na mtu akikuletea dosie ya namna hiyo kwa feza, mkatalie.

Nilipoteza jugement supplétif ya mtoto (hukumu ya kuandikisha kuzaliwa kulikochelewa), shule inadai acte de naissance (cheti cha kuzaliwa). Nianze upya?

Hapana mama, usianze upya, mtoto atakuwa na hukumu mbili na siku ya paspoti itakuwa vita. Ile ya kwanza bado iko ku tribinali iliyoitoa. Nenda pale na mwaka na jina la mtoto kama lilivyoandikwa, uombe expédition nyingine, lipa, halafu uulize komini kama acte ilishaandikwa mu rejista yao wakati ule, kwa sababu kama iliandikwa haukuhitaji tribinali hata kidogo, komini wenyewe wanakupa kopi. Na kama una mtoto mchanga nyumbani, sheria ya familia iliyorekebishwa 2016 inakupa siku 90 za kumwandikisha bila juji. Angalia kalenda leo.